Mwanagenzi, Soma Fomu ya Siri Kabla ya Kutia Sahihi

SOMO LA TOLEO HILI

Kundi jipya la wanagenzi linaporipoti kazini, shughuli huanza kwa karatasi. Kuna barua ya chuo, nakala ya kitambulisho, cheti cha bima, na nambari ya akaunti ya benki kwa wale wanaolipwa marupurupu. Mwisho kabisa wa bahasha huja fomu ambayo wengi huitia sahihi bila kuisoma: ahadi ya kutunza siri za ofisi.

Leo tunaifungua fomu hiyo. Somo hili ni la wanagenzi na wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya nyanjani. Ni la wazazi waliowalipia karo. Ni la kila mkazi pia, kwa maana faili yako ya hospitali, ombi lako la basari au hesabu ya ada za kibanda chako sokoni huenda leo imeshikwa na kijana aliyeanza kazi wiki iliyopita. Ukimaliza kusoma, utaweza kutenganisha mambo matatu: habari ambayo mwanagenzi haruhusiwi kuitoa, habari ambayo hana ruhusa ya kuificha, na habari ambayo hakuna fomu inayoweza kumzuia kuiripoti.

Kosa langu la wiki ya pili

Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, nikisomea uanahabari, nilipata nafasi ya mafunzo katika ofisi moja ya umma. Siku ya kwanza niliwekewa karatasi nne mezani. Nilizitia sahihi zote kabla chai haijapoa. Mojawapo ilisema, kwa ufupi, kwamba sitamwambia mtu yeyote jambo lolote nitakaloliona au kulisikia katika ofisi hiyo.

Wiki ya pili akaja mzee mmoja, kofia mkononi. Kijijini kwao zahanati ilikuwa imejengwa hadi usawa wa madirisha, kisha mafundi wakaondoka. Alitaka kujua jambo moja tu: jengo hilo lilikuwa limetengewa pesa ngapi mwaka huo. Msimamizi wangu alikuwa mkutanini. Nikaikumbuka ile fomu, nikamwambia, "Samahani mzee, hiyo ni siri ya ofisi." Akanishukuru, akavaa kofia yake, akaenda zake. Alikuwa amepanda matatu mbili kufika pale.

Msimamizi aliporudi nilimsimulia, nikitarajia sifa. Alinyoosha mkono akatoa kitabu kwenye rafu iliyokuwa nyuma ya kiti changu. Kilikuwa kitabu cha bajeti, kilichopitishwa na kuchapishwa ili wananchi wakisome. Pesa za zahanati ile zilikuwa humo, chini ya jina la wadi yao. Mzee hakurudi tena, nami sikuwa nimechukua jina lake wala nambari yake ya simu.

Ninasimulia haya kwa sababu tukizungumzia fomu za siri, wengi wetu humfikiria mwanagenzi mropokaji. Huyo yupo, na madhara yake tutayaona. Lakini yuko pia mwanagenzi aliyetishwa na fomu hata akanyamaza pale alipopaswa kusema. Wote wawili wameshindwa kuelewa karatasi ile ile.

Fomu hii inalinda nini?

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mwanagenzi ndiye kata. Hana cheo, lakini huingia kila mahali: huingiza majina kwenye kompyuta, hupeleka faili kutoka chumba kimoja hadi kingine, huandika kumbukumbu za mikutano, hupokea simu. Katika miezi michache anaweza kujua mambo ambayo hata afisa mwenye ofisi kubwa hayajui.

Mengi kati ya mambo hayo si ya serikali. Ni ya watu. Majibu ya vipimo vya maabara ni ya mgonjwa. Barua ya mama anayeomba basari, akieleza kwamba mumewe amemwacha na watoto wanne, ni ya mama huyo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaeleza jinsi haki hiyo inavyolindwa. Sheria hiyo inazihesabu habari za afya, mali, ndoa na familia kuwa nyeti. Kuzitoa kinyume cha sheria ni kosa linaloweza kuleta faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au adhabu zote mbili. Kuhusu hali ya mtu ya virusi vya HIV kuna sheria yake maalumu ya mwaka 2006, inayokataza kumtangaza mtu bila idhini yake.

Tuseme mwanagenzi amepiga picha ya foleni ya kliniki na kuiweka kwenye WhatsApp akiandika "kazi imeanza". Hakuwa na nia mbaya. Lakini nyuma yake, kwenye meza, daftari la wagonjwa liko wazi. Picha ikishasambazwa, hakuna barua ya kuomba radhi itakayoirudisha. Mgonjwa anayesikia jina lake likitajwa dukani ataacha kuja kuchukua dawa. Hapo ndipo siri inapokuwa jambo la uhai.

Kwa hiyo kumtaka mwanagenzi aahidi kutunza siri si uonevu. Na ajue kwamba hata asipotia sahihi, sheria hizo zinamfunga, pamoja na Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, inayohusu nyaraka rasmi na usalama wa taifa. Sahihi ni njia ya kuthibitisha kwamba ameelezwa. Ndiyo maana kutia sahihi bila kuelezwa ni kazi bure.

Habari ambayo haifai kufichwa

Sasa tugeuze ukurasa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inarudia haki hiyo kwa kaunti zote. Kisha ikaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inazitaka ofisi za umma zitangaze mambo fulani zenyewe, bila kungoja kuulizwa.

Kwa mfano, ofisi ya umma ikishatia sahihi kandarasi, inapaswa kuutangazia umma kazi itakayofanywa, kiasi cha pesa, jina la mwanakandarasi na muda wa kukamilisha kazi. Bajeti iliyopitishwa ni ya umma. Ada zinazotozwa hospitalini na sokoni ni za umma. Mwanagenzi akiulizwa mambo kama hayo, jibu la "hiyo ni siri" ni kosa. Kama hana uhakika, aseme, "Ngoja nimuulize msimamizi wangu," achukue jina na nambari ya simu ya aliyeuliza, kisha afuatilie. Natamani ningeambiwa hivyo siku ile ya zahanati.

Sheria hiyo hiyo imeweka mipaka. Ofisi inaweza kukataa kutoa habari ikiwa kuitoa kutahatarisha usalama wa taifa au maisha ya mtu, kuingilia faragha ya mtu bila sababu, kudhuru biashara ya mtu, au kuharibu kesi iliyo mahakamani. Hata hapo, kama faida kwa umma ni kubwa kuliko madhara, habari inaweza kuamriwa itolewe. Ukiisoma orodha ya mipaka hiyo hutapata mahali palipoandikwa "habari inayomwaibisha mkubwa wa ofisi".

Mfano wa zabuni

Kuna habari ambayo ni siri leo na kesho ni ya wazi, na zabuni ni mfano mzuri. Wakati kamati inakagua na kulinganisha maombi ya wafanyabiashara, sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inakataza kutoa habari za ukaguzi huo. Mwanagenzi wa idara ya ununuzi akimnong'onezea binamu yake bei ya mshindani, ameharibu zabuni nzima na kuwadhulumu wote walioomba kwa haki.

Siku kandarasi inapotiwa sahihi, mambo hubadilika. Jina la aliyeshinda na kiasi atakacholipwa si mali ya kamati tena. Mkazi ana haki ya kuvijua. Kwa hiyo fomu inayosema tu "habari za zabuni ni siri", bila kueleza ni zipi na hadi lini, inamchanganya mwanagenzi na kumnyima mkazi haki yake.

Fomu haiwezi kuficha wizi

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Je, mwanagenzi aliyetia sahihi fomu ya siri akiona pesa za umma zikiibwa, afanye nini?

Wakenya tuna historia katika jambo hili. Mapema miaka ya 1990, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, aliona malipo makubwa yasiyo ya kawaida yakienda kwa kampuni iliyodai kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi. Nyaraka alizozitoa ziliwafikia wabunge wa upinzani, na kashfa ya Goldenberg ikajulikana. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Kesi haikufika mbali, lakini kazi aliipoteza. Miaka kumi baadaye serikali iliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire, na Munyakei akawa miongoni mwa waliotoa ushahidi. Alifariki mwaka 2006, akiwa hajarudishwa kazini.

Sheria za leo zimejifunza kitu kutokana na maisha ya watu kama yeye. Sheria ya Upatikanaji wa Habari, katika kifungu cha 16, inakataza kumwadhibu mtu kwa kufichua habari aliyoipata kwa siri kazini, ikiwa habari hiyo ni ya manufaa kwa umma. Inataja ukiukaji wa sheria, matumizi mabaya ya pesa, mgongano wa maslahi, ufisadi na matumizi mabaya ya mamlaka. Ulinzi huo haukuishia kwa walioajiriwa. Unagusa pia kazi ya kujitolea na mikataba ya aina nyingine. Anayepeleka habari kwa vyombo vya sheria au kwa ofisi ya umma inayohusika anahesabiwa kuwa ameifichua kwa manufaa ya umma. Nayo Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, kwa anayemtisha au kumshusha cheo mtu aliyeripoti hongo.

Nchi nyingine zimepitia njia hiyo hiyo. Uingereza mwaka 1998 na Afrika Kusini mwaka 2000 zilipitisha sheria zinazosema kwamba kifungu cha mkataba kinachomzuia mfanyakazi kufichua maovu kwa njia ya kisheria ni batili. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2012, inataka kila mkataba wa siri wa watumishi wa serikali kuu uandikwe wazi kwamba hauondoi haki ya kuripoti ubadhirifu na uvunjaji wa sheria. Sentensi moja kama hiyo kwenye fomu zetu ingewasaidia sana wanagenzi.

Lakini tuseme ukweli: sheria ipo, na hofu pia ipo. Mwanagenzi anangoja barua ya mapendekezo. Anangoja cheti. Anajua kwamba afisa aliyetia sahihi malipo yale ndiye atakayetia sahihi ripoti yake ya chuo. Kwa hiyo ushauri wetu ni wa hatua kwa hatua. Kwanza, andika ulichokiona, siku na saa, bila kuongeza chumvi. Pili, usiiweke mitandaoni, wala usitoe faili ofisini kupeleka nyumbani. Tatu, kama unamwamini msimamizi wako, mwambie; kama yeye ndiye tatizo, nenda kwa mkaguzi wa ndani, kwa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, au kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC, ambayo hupokea ripoti hata kutoka kwa mtu asiyetaka kutaja jina lake. Nne, sema ukweli unaouamini kwa sababu za msingi. Kumzushia mtu uongo kwa nia ya kumharibia ni kosa, na sheria haimlindi mzushi.

Maswali sita ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kuuliza si ujinga. Afisa anayekupa fomu akikuambia "weka sahihi tu", mwombe kwa heshima dakika kumi uisome. Kisha uulize:

1. Ni habari zipi hasa zinazoitwa siri? Fomu inayosema "kila kitu" haijasema kitu.

2. Ahadi hii itadumu hadi lini? Siri ya mgonjwa haiishi hata mafunzo yakiisha. Siri ya zabuni huwa na mwisho.

3. Je, fomu inaeleza wazi kwamba hainizuii kuripoti uhalifu, hongo, dhuluma za kingono au hatari kwa maisha ya watu?

4. Nitaruhusiwa kuandika nini kwenye daftari langu la mafunzo na ripoti ya chuo? Kwa kawaida unaweza kueleza kazi uliyoifanya bila kutaja majina, nambari za faili wala picha za watu. Pata jibu hili mapema, usingoje wiki ya mwisho.

5. Nikiwa na shaka, nimuulize nani? Fomu iwe na cheo cha mtu huyo, na awe mtu anayepatikana.

6. Nakala yangu iko wapi? Ahadi usiyokuwa na nakala yake utaisahau kabla ya mwezi kuisha.

Wakuu wa idara nao wana la kufanya. Soma fomu pamoja na wanagenzi siku ya kwanza, kwa Kiswahili kama inafaa, na uwape mifano ya kazi za idara yako. Nusu saa hiyo itaokoa mengi.

Jipime

Soma visa hivi, ujibu mwenyewe kabla ya kutazama majibu. Vinafaa pia kujadiliwa katika vikundi vya vijana na mabaraza.

Kisa cha kwanza. Mwanagenzi katika hospitali ya kaunti ndogo amemwona jirani yake kliniki. Jioni, dada yake mwanagenzi anamuuliza, "Yule anaumwa nini?"

Kisa cha pili. Mwanagenzi wa uhasibu ameona hati ya malipo ya mabati 400. Alipotumwa ghalani aliyahesabu, akapata 250. Karani anamwambia, "Kumbuka ulitia sahihi fomu ya siri."

Kisa cha tatu. Mama mmoja amekuja kuuliza ni nani aliyepewa kandarasi ya barabara ya kwao, na alipaswa kuimaliza lini. Kandarasi ilitiwa sahihi miezi mitatu iliyopita.

Majibu. Katika kisa cha kwanza, mwanagenzi asiseme lolote, hata kwamba alimwona jirani kliniki. Kwa dada, kwa mama, kwa mchungaji au imamu, jibu ni lile lile. Katika kisa cha pili, fomu haihusiki. Huenda kuna maelezo mazuri, labda mabati mengine yameshapelekwa kwenye mradi; basi mwanagenzi aandike alichokiona na kukipeleka kwa mkaguzi wa ndani au EACC, wao ndio wachunguze. Ila maneno ya yule karani nayo ayaandike. Katika kisa cha tatu, mama ana haki ya kujibiwa. Asaidiwe kupata habari hiyo, au aonyeshwe jinsi ya kuiomba kwa maandishi.

Na wewe mkazi

Ukiambiwa ofisini kwamba jambo fulani ni siri, usikasirike wala usiondoke kimya. Uliza ni siri kwa sheria gani. Kama hukuridhika, andika ombi la habari, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, CAJ.

Na ukimkuta mwanagenzi kaunta anayekataa kukuambia habari za mgonjwa mwingine, hata kama mgonjwa huyo ni ndugu yako, usimlaumu. Siku utakapolazwa wewe, kimya chake kitakulinda.

Yule mzee wa zahanati sikumwona tena. Tangu siku hiyo, ofisi yoyote niliyofanya kazi, kitabu cha bajeti hukaa juu ya kaunta, upande wa wananchi. Ukipita kwetu, kifungue uitafute wadi yako. Kama una swali kuhusu somo hili, liache kwa msimamizi wa wadi yako, nasi tutalijibu katika toleo lijalo.